Kwa Nini Samaki wa Ziwa Turkana Huwa Tele Mwaka Huu na Haba Mwaka Ule

Kila mwaka, miezi ya Juni hadi Septemba inapokwisha, watu wa Kalokol, Longech na Lowarengak huulizana swali moja: Je, msimu huu umekuwa mwema kuliko ule uliopita? Swali hili si la wavuvi peke yao. Mama anayeuza ngege wakavu sokoni Lodwar, dereva apakiaye magunia ya kwenda Kitale, na mkimbizi wa Kakuma atafutaye kitoweo cha watoto wake, wote wanalingoja jibu, kwa kuwa bei ya samaki hupanda na kushuka nalo.

Wengi hujibu kwa kutazama mtumbwi mmoja ulioingia asubuhi moja. Ukijaa, husema mwaka ni mwema. Ukiwa mtupu, husema samaki wamekwisha ziwani. Jibu la namna hiyo hupotosha. Samaki anayenaswa leo hakuzaliwa leo. Yeye ni mtoto wa maji ya mwaka jana, au ya mwaka juzi, na pengine ya miaka mingi zaidi. Kwa hiyo atakaye kulinganisha msimu na msimu hana budi kujua kwanza habari za maji, kisha habari za nyavu, ndipo atoe hukumu yake.

ZIWA LISILOINGOJA MVUA YA LODWAR

Lodwar ni mji wenye joto kali, na kwa mwaka mzima mvua yake ya kawaida haifiki milimita 250. Mito ya Turkwel na Kerio huteremka kutoka nyanda za juu za kusini, lakini mara nyingi hupungua sana au kukauka kabla ya kufika ziwani. Mto Tarach, unaopita Kakuma, ni mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Tena Ziwa Turkana halina mto hata mmoja unaotoka, wala maji yake hayaendi baharini. Jua na upepo ndivyo vinavyoyanywa, navyo hunywa zaidi ya mita 2 za kina kila mwaka.

Basi msomaji atauliza, Mbona ziwa halijakauka? Jibu ni Mto Omo. Mto huu hutoka katika milima ya Ethiopia, nao huleta zaidi ya sehemu nane katika kumi za maji yote yaingiayo ziwani. Mvua kubwa ya milima hiyo hunyesha kuanzia Juni hadi Septemba. Mto hufura, hubeba udongo mwekundu na mabaki ya majani, ukaumwaga mzigo huo katika ncha ya kaskazini ya ziwa. Kwa kawaida kina cha ziwa hufika juu kabisa karibu na Oktoba na Novemba.

Ndiyo sababu mtu wa Lodwar huweza kuona ajabu hii: anga ni jeupe, ardhi imepasuka, mbuzi wanakonda, ilhali maji ya ziwa yanapanda ufuoni. Ukame wa nchi kavu na ukame wa ziwa si kitu kimoja. Huweza kuja pamoja, na huweza kupishana.

MAJI YAPANDAPO, SAMAKI HUPATA NINI?

Tuwatazame samaki wawili ambao ni tegemeo la soko, yaani ngege na sangara, ambaye wavuvi wengi wa Kenya humwita mbuta.

Ngege hupenda maji ya kina kifupi yaliyokingwa na mawimbi. Dume huchimba kitanda chake chini, jike hutaga mayai, kisha huyachukua kinywani na kuyalea humo hata watoto watoke na kuweza kuogelea. Watoto hao huhitaji pahali pa kujificha na chakula kingi cha mimea midogo ya majini. Ziwa Turkana lina upepo mkali uvumao kutoka kusini-mashariki, na sehemu kubwa ya ufuo wake ni wazi mbele ya mawimbi. Pahali palipokingwa ni pachache, na palipo mashuhuri kupita pote ni Ghuba ya Ferguson, karibu na Kalokol, mwendo wa kilomita 60 hivi kutoka Lodwar. Ulimi wa mchanga wa Longech umeitenga ghuba hiyo na ziwa kuu, nayo haina kina kikubwa.

Ziwa likipanda, maji hufunika nyasi na vichaka vya ukingoni. Majani hayo huoza na kuyarutubisha maji, kama samadi irutubishavyo shamba. Vichaka vilivyozama huwa maficho ya watoto wa samaki. Ziwa likishuka, ghuba hugeuka dimbwi, na kisha tope, na kisha uwanja wa vumbi. Kwa sababu hiyo mita chache tu za maji, ambazo katikati ya ziwa hazionekani, kwa ngege wa Ferguson ni uhai au mauti.

Sangara ni samaki wa tabia nyingine. Yeye ni mwindaji. Huweza kukua hata kupita kilo 100, na kwa ajili ya nguvu zake watalii wavuao kwa mchezo wamesafiri kutoka nchi za mbali kuja kumtafuta ziwani humu. Hula samaki wadogo, na ngege akiwamo. Sangara huchukua miaka kadhaa kabla ya kufikia ukubwa wa kuzaa. Kwa hiyo wema wa mafuriko humfikia polepole: kwanza hustawi samaki wadogo, ndipo yeye aneneepe baada yao. Ngege huzaa akiwa bado mchanga, nao wakipata maji mema huongezeka upesi. Mwaka wa ngege wengi, basi, si lazima uwe mwaka wa sangara wengi.

MIAKA INAYOKUMBUKWA

Sasa tulinganishe miaka yenyewe, ili tuone kama maelezo haya yapatana na mambo yaliyotokea.

Hapo kale uvuvi haukuwa kazi ya Waturkana wengi. Heshima ya mtu ilikuwa ng'ombe, ngamia na mbuzi wake. Walioishi ufuoni walivua kwa vikapu vya kufunikia samaki katika maji mafupi, na kwa mikuki. Na aliyepoteza mifugo yake aliweza kwenda ziwani kujinusuru, hata apate tena mbuzi wa kuanzia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, baada ya njaa kubwa, Serikali ilianza kuwafundisha watu wasio na mifugo kuvua kwa nyavu za kutega karibu na Ghuba ya Ferguson. Wakati ule ule mvua za 1961 na 1962 zilikuwa kubwa mno katika Afrika Mashariki, na ziwa, ambalo lilikuwa limeshuka sana katika miaka ya 1950, likaanza kupanda.

Katika mwaka wa 1975 ziwa hilo, ambalo tangu mwaka wa 1888 Wazungu waliliita Rudolf, lilipewa jina la Turkana. Mwaka mmoja baadaye ulikuja msimu ambao wazee wa Kalokol wangali wakiutaja. Katika mwaka wa 1976 zilivuliwa tani 17,000 hivi, na sehemu kubwa sana ya hizo ilikuwa ngege wa Ghuba ya Ferguson peke yake. Maji yalikuwa juu, ghuba ilijaa, na nyavu zilikuwa zimeongezeka. Mambo matatu yalikutana kwa wakati mmoja.

Watu walioona wingi ule walidhani ndio utakaokuwa kawaida. Nchi ya Norway ilisaidia kujenga barabara kutoka Kitale hadi Lodwar na hadi ziwani, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikajengwa Kalokol nyumba kubwa ya kugandishia samaki. Nyumba hiyo haikufanya kazi ila kwa muda mfupi. Kugandisha samaki katika nchi yenye joto namna ile kulihitaji umeme mwingi na maji safi mengi, na gharama ilizidi thamani ya samaki wenyewe. Kisha ziwa likashuka. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 Ghuba ya Ferguson ilikuwa imekauka karibu yote, na ngege wake wakatoweka. Watu waliokuwa wameuza mbuzi wao wanunue nyavu walibaki na nyavu mkononi na vumbi mbele yao.

Jambo hili liliumiza zaidi kwa kuwa lilifuata balaa jingine. Waturkana huipa miaka mibaya majina, na ule wa kuanzia 1979 hadi 1981 waliuita Lopiar, yaani mfagio, kwa sababu ukame, maradhi ya mifugo na uvamizi vilifagia mazizi. Wengi walikimbilia ziwani baada ya Lopiar, na ziwa nalo likawakimbia.

Hata hivyo samaki hawakuwa wamekwisha. Maji yaliporudi ghubani baadaye, ngege walirudi. Wachache waliosalia kwingineko ziwani waliingia, wakakuta maji mapya na chakula kipya, wakazaliana. Hilo ni fundisho kubwa: ziwa hili huweza kuponya jeraha lake, mradi mbegu isiangamizwe.

MABWAWA YA OMO

Katika miaka ya karibuni jambo jipya limeongezeka. Nchi ya Ethiopia ilijenga bwawa kubwa la umeme liitwalo Gibe III katika Mto Omo. Lilianza kujazwa mwaka wa 2015, na likafunguliwa rasmi mwezi wa Desemba 2016. Katika muda huo wa kujazwa, ziwa lilishuka zaidi ya mita moja, na wavuvi wa Ferguson waliona ufuo ukiwakimbia. Mwaka wa 2018 Shirika la UNESCO liliziweka hifadhi za taifa za Ziwa Turkana katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini.

Bwawa likishajaa huyaachia maji, kwa kuwa mitambo ya umeme haizunguki bila maji kupita. Lakini hatari haimo katika wingi wa maji peke yake. Mto usio na bwawa hufura kwa miezi michache na kupungua kwa mingine. Bwawa husawazisha, likatoa kiasi karibu sawa mwaka mzima. Samaki wengi wa ziwa hili huitambua ile kufura kuwa ndiyo dalili ya kupanda mtoni na kuzaa, na udongo wa mafuriko ndio chakula cha maji. Mto ukisawazishwa, samaki hunyimwa ile dalili.

Kisha mambo yakageuka tena. Tangu mvua nyingi za mwaka wa 2019 ziwa lilipanda kwa nguvu, likafunika nyumba, shule na miti ya ukingoni, na watu wa sehemu za Kalokol wakalazimika kuhama. Ghuba ya Ferguson ikajaa. Na tazama mpishano huu: tangu mwisho wa mwaka wa 2020 hadi mwanzo wa 2023, misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo katika Kenya ya kaskazini, na mifugo ikafa kwa wingi. Nchi kavu ilikuwa na njaa wakati ziwa lilikuwa limefurika. Ndipo tuonapo wazi kwamba mtu akipima hali ya ziwa kwa kutazama mawingu ya Lodwar atakosea.

HESABU YA HAKI

Tukishajua habari za maji, tugeukie nyavu. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba ufuo mmoja ulikuwa na nyavu 100, na kila wavu ulileta samaki 10 kwa usiku mmoja. Jumla ni samaki 1,000. Mwaka wa pili nyavu ni 300, na kila mmoja unaleta samaki 5. Jumla ni 1,500. Aangaliaye lori atasema mwaka wa pili ulikuwa bora. Bali mvuvi mwenyewe, arudipo nyumbani, ana nusu ya samaki aliokuwa nao. Jumla imepanda na riziki ya mtu imeshuka.

Hesabu hii ni ya maana sana Turkana, kwa sababu ukame ukifagia mazizi, watu huelekea ziwani, na nyavu huongezeka si kwa kuwa samaki wameongezeka, bali kwa kuwa mbuzi wamepungua. Ziwa ni ghala la maskini. Lakini ghala likifunguliwa kwa wengi, kila mmoja hupata kibaba kidogo.

Basi atakaye kulinganisha misimu kwa haki na aulize mambo manne. Kwanza, kila wavu ulileta wangapi kwa usiku mmoja? Pili, samaki walikuwa na ukubwa gani? Wakiwa wengi lakini kila mwaka wadogo zaidi, hiyo ni dalili mbaya. Tatu, matundu ya nyavu ni yale yale ya mwaka jana, au yamepunguzwa? Nne, mvuvi alisafiri umbali gani? Mtu aliyekuwa akivua ndani ya ghuba, na sasa hana budi kwenda mpaka karibu na Kisiwa cha Kati penye mamba na mawimbi, hawezi kusema mwaka ni ule ule, hata kama mtumbwi wake umejaa. Kamati za usimamizi wa fuo zilizowekwa kwa sheria zapaswa kuandika habari hizi katika daftari, na mvuvi anayezificha hujinyima mwenyewe.

KUTOKA UFUONI HADI KAKUMA

Mwaka mwema nao huweza kupotea bure. Akiba haiozi, walisema wahenga. Lakini samaki huoza, na katika joto la Turkana huoza kabla ya adhuhuri. Ndiyo maana biashara kubwa ya ziwa hili tangu zamani ni ya samaki wakavu, ambao magunia yao hupita Lodwar na Kitale, na mengine yakafika hata Kongo. Magunia mengine huchukua njia ya kaskazini-magharibi, kilomita 120 hivi kutoka Lodwar, hadi Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka wa 1992. Humo wamo Wasudani Kusini, Wakongo, Warundi na wengineo, na wengi wao walilelewa kando ya mito na maziwa. Kwao samaki si chakula kigeni. Kwa mama wa Kiturkana mwenye gunia moja, Kakuma ni soko la maana.

Lakini gunia lililokaushwa juu ya mchanga hufika na mchanga, na lililowekwa bila chumvi ya kutosha hufika na wadudu waliokwisha kula nusu ya nyama. Hasara hiyo huwa kubwa zaidi katika msimu wa wingi, kwa kuwa watu huvua upesi kuliko wanavyoweza kukausha. Yafaa, basi, samaki apasuliwe mapema, aoshwe, atiwe chumvi, na kuanikwa juu ya chanja iliyoinuliwa kutoka chini, upepo upite pande zote. Anayetaka kumbanika na atumie kuni za mathenge, mti ambao umeenea kupita kiasi na kuziba njia na malisho, wala asikate miti michache ya asili iliyosalia kando ya Turkwel. Kuokoa samaki waliokwisha kunaswa ni sawa na kuongeza mavuno bila kuongeza wavu hata mmoja.

LA KUFANYA MWAKA UKIWA MWEMA

Mwaka mbaya haumpi mtu nafasi ya kuchagua. Nafasi hiyo imo katika mwaka mwema, na mambo matatu yafaa kukumbukwa humo.

La kwanza ni kuwaacha wadogo. Kokoro, yaani wavu wa kukokota hadi ufuoni, huzoa mayai, vitanda na watoto wa ngege kwa pamoja, na sheria ya Kenya imeukataza. Kadhalika imekataza nyavu za uzi mmoja wa plastiki, ambazo zikipotea majini huendelea kuua bila mwenyewe. Ghuba iliyokauka katika miaka ya 1980 ilipata samaki tena kwa sababu mbegu ilisalia kwingineko. Mbegu ikimalizwa, maji yatarudi peke yake.

La pili ni kutoweka riziki yote ndani ya ziwa. Familia zilizostahimili miaka mibaya ni zile zilizokuwa na mguu mmoja majini na mwingine malishoni. Samaki wa mwaka mwema na wanunue mbuzi, ili mbuzi wa mwaka mwema walipe ada ya shule, na mmoja akianguka mwingine asimame.

La tatu ni kutazama kaskazini. Wavuvi wa Longech wanapotaka kujua msimu ujao utakuwaje, na waulize habari za mvua katika milima ya Ethiopia mwezi wa Julai na Agosti, na kiasi cha maji kinachoachiwa na mabwawa ya Omo. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya ina kituo chake Kalokol, na watu wake huweza kuulizwa habari za kina cha ziwa na za samaki. Mvuvi ajuaye kwamba maji yameshuka mwaka huu aweza kujua sasa hivi kwamba ngege wa mwaka kesho watakuwa haba, akaweka akiba yake kabla ya njaa, si baada yake.